Bosi Akitukana Taifa, Atakayejibu Ni Wewe

Juzi dada mmoja ameniandikia. Kazi yake ni kujibu maoni ya watumiaji wa programu ya kutumiana video. Mkubwa wao ametoa kauli ya dharau kuhusu watu wa nchi fulani, sasa alama za nyota moja, za chini kabisa, zinamiminika kwenye programu hiyo, naye anauliza ajibu nini.

Dada yangu, usianze kuisifia programu. Jibu tusi kwanza.

Nimeyapitia hayo. Mkurugenzi wetu alisema kikaoni kwamba watu wa taifa fulani hawalipii kitu, wamezoea vya bure. Taifa lenyewe ni langu. Kauli ikavuja, na kufikia jioni nilikuwa nasoma matusi ya watu wanaozungumza kama mama yangu, wakiniita msaliti. Ofisini nako mwenzangu akaniuliza mbele ya wote kama si mimi niliyevujisha. Hili la pili linanichoma mpaka leo. Januari 2024, Seneta Tom Cotton wa Marekani alipomkazania Shou Zi Chew, mkuu wa TikTok, kwa maswali ya uraia wa China na uanachama wa Chama cha Kikomunisti, na Chew akirudia kwamba yeye ni Msingapore, nililijua swali lile. Unaulizwa kwenu ni wapi, kumbe umeshahukumiwa.

Mkurugenzi alitaka niandike kwamba amenukuliwa vibaya. Nikakataa, nikamweleza yaliyoipata Snapchat, programu ya kutumiana picha na video, Aprili 2017. Mfanyakazi wake wa zamani, Anthony Pompliano, alikuwa amedai katika kesi kwamba mkuu wa kampuni, Evan Spiegel, alisema programu ile ni ya matajiri tu, na kwamba hataki kuitanua katika nchi maskini kama India na Uhispania. Kampuni ikakanusha: Snapchat ni ya kila mtu, inapakuliwa bure duniani kote. Lakini neno "maskini" lilikuwa limeshaingia masikioni. Wahindi wengi wakaifuta kwenye simu zao na kuishushia nyota moja. Wengine wakaivamia Snapdeal, kampuni ya Kihindi ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliyoponzwa na jina tu!

Ndiyo maana nasema kukanusha peke yake hakutoshi. Tulichoandika sisi kilikuwa kifupi: alichosema mkurugenzi, kwamba si kweli, na kwamba anawaomba radhi watu wa taifa hilo, wakitajwa kwa jina lao. Hakuna "kama kuna aliyeumia". Kila neno niliandika mimi, na najivunia. Jina lililowekwa chini ni lake, maana kinywa kilikuwa chake. Nyota hazikurudi upesi, ila matusi yalipungua, na wengine wakaanza kuuliza maswali ya kawaida. Mkubwa wako akikataa kutia jina lake, usikubali kutia lako.

Na ninyi mnaobonyeza nyota moja, nawaelewa. Mimi pia ningeifuta programu inayoniona ombaomba. Futeni. Mtajeni aliyesema, mdaini radhi kwake. Lakini someni jina la programu kabla ya kubonyeza, na msijibu dharau ya mtu mmoja kwa kuwatukana watu wote wa nchi yake. Yule anayewajibu saa nane za usiku ni mwajiriwa, hakuwamo kikaoni, na huenda ni wa kwenu.