Maswali yenu: ile Jumamosi ya Kashmir

Toleo lililopita niligusia tetemeko la mwaka 2005 la Kashmir, lile eneo la milima lililogawanywa kati ya Pakistan na India, maneno mawili matatu tu, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, zingine ndefu kuliko makala yenyewe. Nimechukua hizi chache, na zile zinazouliza kitu kimoja nimeziunganisha.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi siku zote najua mlima ndo kitu kigumu kuliko vyote, sasa inakuwaje milima mikubwa kama Himalaya ndo inatikisika ovyo, si ingetakiwa kule ndo kuwe imara zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako ligeuze tu kichwa chini miguu juu. Sio kwamba mlima ulikuwepo halafu ukaja kutikiswa, ile misukosuko ndo iliyouinua mlima. Bamba la ardhi lililoibeba India lilitoka mbali sana kusini, katikati kulikuwa na bahari, likaja kugonga Asia miaka kama milioni 50 iliyopita na mpaka leo halijaacha kusukuma. Linakwenda kaskazini kama sentimita 4 kwa mwaka, na karibu nusu ya mwendo huo inaishia hapo hapo chini ya Himalaya. Sasa mwamba na mwamba haviteleziani kama sabuni, vinang'ang'aniana. Ni kama mlango uliovimba kwa mvua, unasukuma hauendi, unasukuma hauendi, halafu unafunguka ghafla na wewe unaangukia ndani nao.

Kashmir mlango ulifunguka tarehe 8 Oktoba 2005, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi kwa saa za Pakistan, karibu na mji wa Muzaffarabad. Ufa wa zaidi ya kilomita 70 ulifyatuka na upande mmoja ukapanda juu ya mwenzake, sehemu zingine mita kadhaa, kwa muda usiofika hata dakika. Ukubwa wake ulikuwa 7.6.

SWALI: Mzee usinielewe vibaya, ila nimeskia watu wanasema ile ilikuwa adhabu maana ilitokea Ramadhani. Wewe unalionaje hilo?

JIBU: Mi simsemei Mungu, na wanaomsemea huwa wanaongea wakiwa wamekaa mbali na vifusi. Ila Ramadhani kweli inaingia kwenye hii habari, kwa njia nyingine kabisa. Mfungo ndo kwanza ulikuwa umeanza, watu wengi wamekula daku, wameswali alfajiri, wamerudi kujilaza kidogo, kwa hiyo saa tatu kasoro ile wengi walikuwa ndani ya nyumba, chini ya paa. Na watoto wako darasani. Kule Jumamosi ilikuwa siku ya shule kama siku nyingine yoyote.

SWALI: Nimesoma kwamba tetemeko la Nepal la 2015 lilikuwa kubwa kuliko la Kashmir lakini waliokufa ni wachache kuliko Kashmir. Hii hesabu mbona haiingii akilini?

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalingoja, ngoja nikae vizuri.

Kwanza uko sahihi. Nepal ilikuwa 7.8, na usidharau hiyo tofauti ya nukta mbili, vile vipimo havipandi kama ngazi za nyumba, ukiongeza 0.2 nguvu inayotoka inakaribia kuwa mara mbili. Pamoja na hayo Nepal walikufa karibu watu 9,000, wakati upande wa Pakistan peke yake hesabu ya serikali ilipita 73,000, na upande wa Kashmir inayotawaliwa na India zaidi ya 1,300.

Sasa angalia kalenda. Tarehe 25 Aprili 2015 nayo ilikuwa Jumamosi. Ila Nepal Jumamosi ndo siku ya mapumziko ya wiki! Saa sita kasoro dakika nne mchana shule zilikuwa tupu, na watu wengi wa vijijini walikuwa nje, shambani. Zaidi ya shule 7,000 ziliharibika au kubomoka kabisa na madarasa hayakuwa na watoto ndani. Kashmir na maeneo jirani walikufa zaidi ya wanafunzi 17,000. Jumamosi na Jumamosi, yani mi hii kitu nilipoiona mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Sio kalenda tu lakini. Tetemeko la Nepal lilitikisa bonde la Kathmandu kwa mawimbi ya polepole, marefu, ambayo yanasumbua zaidi majengo marefu kuliko nyumba fupi, ndo maana mnara wa Dharahara ukaanguka ukabaki kisiki huku nyumba nyingi za ghorofa mbili tatu pembeni zimesimama. Halafu shule nyingi za Kashmir, hapa nitasema wazi hata mtu akinuna, zilijengwa kwa kulipua kazi. Paa zito la zege limekalishwa juu ya ukuta wa mawe na udongo au saruji hafifu, nguzo nondo zake chache na ringi za kuzifunga nondo hizo zimeachana mno. Jengo la namna hiyo likitikiswa kwa pembeni ukuta unafunguka na paa linashuka zima zima kama kifuniko. Na wala sio vijijini tu, Islamabad, kama kilomita 100 kutoka kwenye kitovu, sehemu ya jengo la kisasa la makazi la Margalla Towers ilianguka wakati majirani zake wamesimama.

SWALI: Kwa nini misaada ilichelewa vile? Au ndo urasimu?

JIBU: Urasimu haukosekani, ila jiografia ilikuwa mbaya zaidi. Milima ile ilishuka barabarani kwa mamia ya maporomoko. Kubwa kuliko yote lilikuwa la Hattian Bala, upande mzima wa mlima ukateleza ukafunika vijiji, watu kama 1,000 wakafia pale, na kifusi kikaziba mto Karli mpaka maziwa mapya yakajikusanya nyuma yake. Zile siku za mwanzo ilikuwa helikopta au miguu, na nyumbu walibeba mahema kule ambako helikopta haiwezi kutua.

Na baridi inakuja. Watu zaidi ya milioni 3 hawana nyumba, ni Oktoba, theluji iko njiani, na mahema mengi yaliyoletwa hayakuwa ya baridi. Cuba ilipeleka wahudumu wa afya zaidi ya 2,000 wakakaa miezi huko milimani. India na Pakistan, ambao kwenye mpaka ule wa Kashmir walikuwa wanatazamana kwa bunduki, mwishoni mwa Oktoba walikubali kufungua sehemu tano za kuvukia, ingawa waliopita kweli walikuwa wachache maana karatasi zilikuwa nyingi (hapo ndo urasimu wako ulipo ndugu yangu).

Ziwa moja kati ya yale ya Karli nalo halikuisha hivi hivi, Februari 2010 baada ya mvua kubwa lile boma la kifusi likapasuka na maji yakashuka bondeni. Miaka zaidi ya 4 baadaye!

SWALI: Je wataalamu hawawezi kutabiri siku?

JIBU: Hapana. Wanaweza kusema ufa fulani umebana na siku moja utafyatuka, siku wala saa hawaijui. Anayekutumia meseji yenye tarehe, mfute.

SWALI: Mji wa Balakot uliharibika karibu wote, mbona watu wamerudi kujenga pale pale? Hawaogopi?

JIBU: Wanaogopa sana tu dada yangu. Serikali ilisema Balakot iko juu ya ufa hasa, ikatangaza eneo jekundu na kuahidi mji mpya sehemu inaitwa Bakryal. Miaka ikapita, mji mpya haujakamilika, na mtu ana duka lake, kaburi la mwanae, mto wake Kunhar. Ungekuwa wewe ungesubiri kwenye kibanda cha mabati mpaka lini?

Vijijini mambo yalikwenda afadhali. Mamlaka ya ujenzi mpya iliyoundwa baada ya tetemeko, ERRA, iliwapa wenye nyumba zilizobomoka kabisa rupia 175,000 kwa awamu, mwenyewe unajenga, mkaguzi anapita, ndo unapata awamu inayofuata. Mwanzoni walitaka matofali na zege tu. Wanakijiji wakaonyesha nyumba za babu zao za dhajji, fremu ya mbao iliyokatwakatwa vipande vidogo vidogo na kujazwa mawe na udongo, ambayo ikitikiswa inalialia na kuchanika plasta lakini haimwangukii mtu, na zile za zamani zilikuwa bado zimesimama pembeni ya zege lililolala. Mainjinia wakaenda kuzikagua wenyewe, wakaiingiza dhajji kwenye orodha ya nyumba zinazolipiwa, na mafundi seremala wazee wakaanza kuitwa kufundisha vijana.