Nyuso za mama na mtoto zinageuka tope kwa pasteli

Dada, umesema unamchora mdogo wako na mwanawe wa miezi saba kwa pasteli, zile chaki laini za rangi, nyuso zinageuka tope na wote wawili wamekakamaa. Nilikwama hapo hapo nilipomchora mke wangu akinyonyesha.

Kilichonisaidia ni kuzitazama kwa makini picha za pasteli za Mary Cassatt, mchoraji Mmarekani (1844–1926) aliyeishi Ufaransa. Mara nyingi akina mama kwenye picha zake hawatutazami sisi: wanambeba mtoto, wanambembeleza, shavu kwa shavu. Kwa hiyo usimwambie mdogo wako akae atulie. Mwache ahangaike na mwanawe, nawe uanze na mkono unaomshika mtoto kabla ya sura. Kwangu mimi, uzito wa mtoto kwenye mkono ule ndio picha yenyewe.

Tope linaletwa na kusugua mno kwa kidole. Cassatt alilainisha uso, lakini kwenye nguo aliacha michirizi wazi. Jaribu kuweka kijani kidogo chini ya rangi ya ngozi, usikichanganye. Karatasi ya kahawia huifaa ngozi yetu kuliko nyeupe.

Tahadhari ya vumbi: baadhi ya chaki hizi zina kadimiamu, metali yenye sumu. Usilipulize kwa mdomo, futa kwa kitambaa kibichi. Mtoto akiwepo tumia penseli tu. Pasteli fanya akishaondoka. Kifua kikikubana, muone daktari.

Picha ikiisha, mpe fundi wa fremu, na umsisitizie kioo kisiguse karatasi.