Fedha za Upimaji wa Setilaiti Zianzie Wapi

Katika miaka yangu ya kupima viwanja na mashamba hapa Tanzania, nimeona risiva, yaani vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti, za mamilioni ya shilingi zikinunuliwa kwa shangwe, kisha zikalala kabatini kwa kukosa kituo cha rejea cha kuzisahihisha. Kwa hiyo mkurugenzi akiniuliza leo aanzie wapi, humwambia kwamba risiva ya mpimaji inunuliwe mwisho, na fedha za kwanza ziende kwenye kituo cha kudumu, yaani antena iliyofungwa juu ya nguzo isiyotikisika, inayopokea mawimbi usiku na mchana na kuwapelekea wapimaji masahihisho kwa intaneti.

Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, na mawimbi yake hucheleweshwa na ionosfea, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kabla ya kutufikia, ndiyo maana risiva iliyo peke yake hukosea kwa mita kadhaa, ilhali ile inayosahihishwa na kituo cha jirani hukosea kwa sentimita chache tu. Tabaka hilo husumbua zaidi karibu na ikweta kuliko Ulaya, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha umbali kati ya kituo na kituo uliofaa Ulaya, usiukubali kabla hujaujaribu kwenye ardhi yako.

Gharama inayosahaulika ni ya kukiweka kituo hai. Kituo kimoja nilichokitegemea kilifungwa juu ya paa la ofisi kwa sababu umeme ulikuwa hapo hapo. Baada ya muda mafundi wakasimamisha tenki la maji pembeni mwa antena, na upande mzima wa anga ukazibwa. Kingine kilinyamaza miezi saba kwa sababu hakuna idara iliyokubali kwamba bando la laini yake ni jukumu lake, ingawa bei ya bando hilo haikufikia mafuta ya safari moja ya gari letu. Bando, betri, kinga ya radi na mshahara wa fundi viandikwe katika bajeti ya kila mwaka, wala visiachiwe mradi unaofungwa baada ya miaka mitatu.

Alama za zamani za upimaji, yaani nguzo ambazo mahali pake palipimwa zamani, nazo zisidharauliwe. Nguzo nyingi za vilimani nimezikuta zimechimbuliwa na watu walioamini kwamba chini yake kuna mali ya Mjerumani, na kila inayopotea hukata uzi kati ya ramani za zamani na vipimo vya sasa. Ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba (koodineti), ambao hutofautiana na ule wa setilaiti kwa takribani mita 300. Kijana mmoja wa kikosi chetu aliingiza koodineti za hati ya zamani bila kuzibadili, na shamba la mzee wa watu likaonekana limevuka mto. Lipeni wapimaji wazipime upya alama zilizobaki, kwa maana hesabu nzuri ya kubadili mfumo haipatikani bila hizo.

La mwisho ni kimo, na hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Ukisimama ufukweni Kigamboni, risiva itakuandikia kwamba uko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, kwa sababu hupima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, wakati maji hufuata nguvu ya uvutano. Kuunganisha vimo hivyo viwili kunahitaji modeli ya jioidi, yaani ya umbo la dunia linalofuata uvutano na usawa wa bahari, inayotokana na vipimo vya uvutano nchini, kazi isiyo na picha za uzinduzi. Katika mradi mmoja wa maji, mwanzo wa bomba tuliupa kimo cha alama ya zamani na mwisho wake tukaupa kimo cha risiva. Kwenye karatasi maji yalishuka vizuri kabisa, kwa kuwa kimo cha risiva husoma chini kuliko cha alama. Mhandisi alipotilia shaka, tulirudi tukatembea kilomita 11 na levo, kifaa cha kupimia tofauti za kimo, begani, tukipima upya hatua kwa hatua.