Droni pekee inatosha kupima ohinga?

SWALI: Karibu na kwetu Migori kuna ohinga, yaani boma la kale la kuta za mawe, ambayo ukuta wake umeporomoka upande mmoja. Vijana wanataka kurudishia mawe, na kuna jamaa mwenye droni anayedai siku moja inamtosha kuipima yote. Tumwachie?

JIBU: Droni irushwe, akishapata kibali cha anga, lakini haimalizi kazi. Vijana nao wasubiri kwanza.

Kuta za aina ya Thimlich Ohinga, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, hazina saruji wala msingi wa kuchimbwa. Ni nyuso mbili za mawe, ya nje na ya ndani, zilizoshikanishwa na mawe madogo ya katikati. Ukuta ukianza kutuna, yaani kutoa tumbo, uso mmoja unaachana na mwenzake. Droni ikitazama kutoka juu huona mgongo wa ukuta na matawi ya miti. Tumbo liko ubavuni.

Mimi huanza kwa kusimika bikoni, yaani alama za upimaji, za kudumu nje ya boma, mbali na mizizi na njia ya ng'ombe. Bila hizo, vipimo vya mwakani havitalinganishwa na vya leo, na tunapopima kwa ajili ya uhifadhi tunataka hasa kujua ukuta unasogea kiasi gani. Kisha kila uso hupigwa picha zinazopandana, pamoja na alama zilizopimwa kwa totali steshoni (chombo cha kupima pembe na umbali), maana GPS chini ya miti hudanganya. Halafu andikeni mfumo wa ramani mliotumia! Ramani nyingi za zamani za Kenya ni za Arc 1960, GPS ni WGS84, na ukizichanganya boma linahama karibu mita 300, hadi kwenye mahindi ya jirani.

Mawe yaliyoanguka yasiguswe kabla ya kuchorwa. Rundo likikaa mguuni pa ukuta, huenda tumbo lilipasuka. Mawe yakilala kwa safu mbali kidogo, yaelekea ukuta ulipinduka, na hapo tafuteni kilichousukuma. Mti uliomea ukutani msiung'oe, mizizi yake ikitoka inaacha pango. Pimeni unene wa shina, na mti wenyewe muuweke kwenye ramani.

Kabla ya yote, wajulisheni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 imewapa wao jukumu hilo. Vijana wafyeke nyasi kwa panga, si kwa jembe, kisha washike prizimu, kioo ambacho totali steshoni hulenga.