Barua kwa mwanangu: Hilux uliyoinyanyua, uibadilishe au ubaki nayo

Marahaba, mwanangu Rehema.

Umeniuliza kama ukubali ofa ya yadi: waichukue Hilux yako ya 2012 kwa milioni 34, wewe uongeze 44, uondoke na Hilux Revo, lile toleo jipya zaidi, ya 2017 wanayoiuza milioni 78. Umesema umechoka nayo kwa sababu inarukaruka, inakunywa mafuta na kwenye kona inalala upande. Jibu langu ni kwamba mwezi huu usibadilishe. Hayo yote yameletwa na vitu ulivyoongeza ulipolinyanyua gari (springi ngumu, matairi makubwa, ngao, winchi, yaani mashine ya kebo ya kuvutia gari likikwama, na keria ya paani), gari lenyewe halina kosa, na vingi vinafunguka kwa spana. Yapo mambo mawili yanayoweza kunibadilisha mawazo, nitayataja.

Kuruka kunatokana na springi za nyuma. Zile ulizofungiwa ni za gari linalobeba kilo 300 au zaidi muda wote. Wewe unakwenda kazini pale Dodoma bodi la mizigo likiwa tupu, kwa hiyo majani ya springi, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa pamoja, hayapindi, na kila tuta linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti. Fundi atakushauri achomoe jani moja. Usikubali, maana seti ile imepangwa ifanye kazi pamoja, na ukitoa jani mzigo wake unahamia kwa yaliyobaki, yanakatika. Tafuta seti ya kawaida ya kiwandani pamoja na shokapu zinazolingana nayo, bushi mpya na boliti za U mpya. Boliti za U hazirudiwi, kwa kuwa zikishakazwa mara moja zimevutika, zitalegea tena. Baada ya kilomita 500 rudi zikazwe upya.

Ukiwa hapo, muulize fundi kuhusu vali ya breki za nyuma. Juu ya difu kuna mkono mwembamba wa chuma unaounganisha ekseli na vali iliyo kwenye chesisi. Vali hiyo inapima mzigo kwa kuangalia bodi limeshuka kiasi gani. Gari likinyanyuliwa bila mkono huo kurekebishwa, vali inaamini bodi ni tupu siku zote na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata siku umepakia magunia ya alizeti kutoka Kongwa. Hili wafungaji wengi hawaligusi kabisa, na mimi linaniudhi kuliko yote.

Sasa mafuta. Matairi ya kiwandani ya gari lako ni 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Uliyofunga ni 285/70R17, karibu milimita 831. Tofauti ni asilimia 7. Dashibodi ikiandika kilomita 100, umetembea 107. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya kilomita kwa lita kwa kusoma dashibodi, unajipunja: ukipata 8 ujue ni 8.6 hivi. Gari linakunywa zaidi, ni kweli, kwa sababu tairi ni zito, gia zimekuwa ndefu na keria inakamata upepo, ila si kwa kiasi unachodhani. Jambo zito zaidi ni taimingi belti, ule mkanda unaoendesha vali za injini. Injini yako ni 1KD ya lita 3.0, na belti yake hubadilishwa kufikia kilomita 150,000, mapema zaidi kwenye mazingira magumu. Kilomita zote ulizotembea juu ya matairi hayo ziongezee asilimia 7 kabla hujasema muda bado.

Kulala kwenye kona kunatoka juu. Ngao ya chuma pamoja na winchi huweza kuzidi kilo 100 puani mwa gari, na keria ya chuma inaweka uzito mwingine mahali pabaya kuliko pote, yaani kwenye paa. Keria ishuke leo. Winchi nayo, kwa safari zako, sioni kazi yake: kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua za Januari hadi Machi huna hata mti wa kufungia kebo. Koleo, vibao viwili vya kukwamulia, pampu ya upepo na kipimo chake vitakutoa haraka zaidi. Kwenye tope shusha upepo hadi psi 18 au 20, nenda polepole, kisha jaza tena kabla hujarudi lami. Ngao ukiitoa, hakikisha bampa la zamani lipo na vishikio vyake vyote, na wasiguse waya wala vihisio vya mifuko ya hewa bila kuchomoa betri kwanza.

Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa pembeni ya kioo, uache. Fenda imeshatobolewa, ukiutoa utabaki na tundu la kuziba na kupaka rangi. Ila ufunguliwe uangaliwe. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya chujio la hewa. Kikitoka na vumbi, maungio hayakuzibwa vizuri au tundu la kutolea maji kwenye boksi la chujio limeachwa wazi, na vumbi hilo limekuwa likisaga tabo (feni inayosukuma hewa injinini) na ringi za pistoni.

Yale mawili ya kunibadilisha mawazo ni chesisi na injini.

Simamisha gari pahali tambarare, pima mwanya kati ya kabini na bodi, juu na chini, kushoto na kulia. Mwanya ukiwa mpana juu kuliko chini kwa namna inayoonekana kwa macho, huenda chesisi imepinda na mkia umeshuka. Hutokea sana kwa pikapu zilizowekewa mifuko ya upepo ya kusaidia springi: mzigo uliokuwa unashikwa na springi kwenye ncha zake mbili unasukumwa kwenye sehemu moja katikati, na chesisi inakunja hapo. Kisha lipande kwenye shimo au lifti, tochi mkononi, uangalie vishikio vya springi, sehemu ngao ilipofungwa, na popote penye rangi mpya au weldi. Chesisi ikiwa imepinda kweli, uza, na mnunuzi ajue. Usitie hata shilingi ya springi.

Injini ya 1KD ina ugonjwa wake unaojulikana. Washa za shaba, zile pete nyembamba chini ya injekta zinazopuliza mafuta, zikichoka, gesi ya mwako inavuja kuingia chini ya kava, inapika oili, na masizi yake yanaziba kichujio cha kunyonyea kilicho ndani ya sampu, yaani trei ya oili chini ya injini. Oili haipandi, tabo inakufa kwanza, injini inafuata. Dashibodi haikuambii mapema. Mwambie fundi afungue sampu akuoneshe kichujio kwa macho, na apime injekta kwa mashine gari likiwa limepata moto. Namba za marekebisho, zinazoonesha mafuta yanaongezwa au kupunguzwa kiasi gani kwa kila injekta, zikivuka 3 juu au chini, injekta hiyo ina tatizo, na injekta inayomwaga hutoboa au kupasua pistoni. Kama kichujio ni safi na namba ziko sawa, badilisha washa hizo zote nne na sili zake, uendelee na maisha. Kama kimeziba nusu na injekta mbili zimechoka, piga hesabu upya. Hapo ofa ya yadi inaanza kuwa na maana.

Waya za taa na betri ya pili nisizisahau. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, pima umeme unaotoka betrini. Ukizidi milliampia 50, kuna kitu kinanyonya usiku. Waya wa betri ya pili lazima uwe na fyuzi karibu na kila betri. Usipoikuta, uchomoe siku hiyo hiyo. Na bima yako kubwa: kama vitu hivi havikuandikwa kwenye fomu, siku ya ajali kampuni ina pa kukushikia.

Tuje kwenye pesa. Unasema utakopa hizo milioni 44. Chukua mfano wa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, salio likipungua, miezi 36: ni kama milioni 1.57 kila mwezi, jumla karibu 56.5. Unalipa milioni 12 na nusu juu ya pengo ili ukimbie springi na keria. Na pengo lenyewe sina hakika ni la kweli. Yadi wakijua unaleta gari, hupandisha bei ya lile la kwao na kukurudishia wewe kama wamekupa bei nzuri. Mtume rafiki yako aulize Revo ile ile kwa pesa taslimu, bila kutaja gari la kubadilisha. Wakimwambia 72, basi Hilux yako wameithamini 28, na hizo nyingine ni maneno.

Revo yenyewe nayo, injini ya 2.8, muulize muuzaji kama ina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Zipo zilizoletwa nacho. Kinajisafisha kwa kuchoma masizi injini ikiwa moto, safarini. Safari zako za dakika kumi kutoka nyumbani hadi ofisini hazifiki huko, na kinaziba.

Ukiamua kuuza baadaye, yadi hawalipii winchi wala taa. Wao wanaangalia mwaka, kilomita, bodi na kadi. Omba bei mbili kwa maandishi, moja ikiwa hivi ilivyo, nyingine ikiwa imerudishwa kawaida. Zikikaribiana, fungua vitu uviuze kimoja kimoja kwa wanaovihitaji. Usiwategemee sana watu wa utalii wa Arusha, wengi wao wanataka Land Cruiser. Mnunuzi wako ni mkulima au mtu wa migodini, na huyo anataka matairi ya kawaida na gari lililonyooka.

Kadi usiiache mezani kwa mtu kwa ahadi. Mkataba usainiwe, umiliki uhamishwe TRA, ndipo funguo zitoke. Kabla ya hapo angalia faini za barabarani kwa namba ya gari, maana zinafuata namba na watakukata kwenye bei. Nitumie picha za mwanya wa bodi na kichujio cha oili fundi akishafungua.

Mama yako