Pesti ya joto: maswali yenu na majibu yangu

Safari hii maswali yote yanahusu ule ute wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto. Nayajibu kwa moyo, maana nimeona kompyuta nzima kabisa zikitupwa kwa kosa la kitu kisichozidi gramu moja.

Fundi, nikipaka pesti nyingi si prosesa itapoa zaidi?

Hapana. Pesti haipozi kitu, inafukuza hewa tu. Uso wa prosesa na wa kipoza joto unang'aa, lakini umejaa mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukivibana pamoja, vinagusana sehemu chache, na kwingine kote hubaki hewa. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini, shaba hupitisha joto kwa karibu 400, pesti nzuri nyingi hazifiki 15, na hewa ni 0.026 tu. Kwa hiyo pesti inaishinda hewa mara mamia, lakini mbele ya shaba ni dhaifu mno. Tunataka ijaze mabonde, kisha impishe shaba afanye kazi yake.

Hata hivyo, msiogope kupitiliza kidogo. Kwenye kompyuta ya mezani, ziada husukumwa pembeni na mbano, ukabaki na uchafu wa kufuta. Ninachokihofia zaidi ni pesti kuwa kidogo, kwa sababu hapo kona ya prosesa hubaki kavu.

Niweke tone, msalaba, au nisambaze?

Prosesa ya kawaida ya mezani inatosheka na tone la ukubwa wa njegere ndogo katikati. Ikiwa ni ndefu ya mstatili, weka mstari au msalaba. Laptopu ni habari nyingine: chipu yake haina kifuniko cha chuma, iko wazi, na ni nyembamba. Hiyo isambazie utando mwembamba hadi kwenye kona zote nne.

Skrubu zikaze kwa kuvukana, mzunguko mmoja hapa, mmoja upande wa pili. Kwenye laptopu nyingi utakuta namba zimechongwa kando ya kila skrubu, zifuate. Ukishabana, usinyanyue ili kuchungulia. Ukinyanyua, hewa imeingia, basi safisha uanze upya. Na kama kipoza joto ni kipya, hakikisha umebandua ile karatasi ya plastiki chini yake. Wengi huisahau.

Laptopu yangu ina miaka 4. Nikifungua mchezo inafika nyuzi 97, feni inalia, halafu inakuwa nzito. Pesti imekufa?

Huenda, lakini anza na vumbi. Kabla ya kugusa bisibisi, pima. Kuna programu za kusoma joto: kwenye Windows tumia HWiNFO, kwenye Linux lm-sensors. Andika joto kompyuta ikiwa imetulia, kisha baada ya robo saa ya kazi nzito. Bila namba hizo hutajua kama umetengeneza au umeharibu.

Zima, chomoa chaja, fungua mgongo, tenganisha betri. Tazama pale feni inapopulizia mapezi ya shaba. Mara nyingi utakuta zulia la vumbi limeshonana kama sufi, hewa haipiti kabisa. Litoe kwa brashi laini, na feni uishike kwa kidole isizunguke unapopuliza. Pima tena. Wengi safari yao inaishia hapo.

Joto likibaki lilelile, toa kipoza joto uisome pesti. Ikiwa imekauka, itabanduka vipande kama majivu yaliyoganda. Kuna hali nyingine ambayo mimi huikuta zaidi kwenye laptopu: pesti bado ni mbichi, imerundikana kingoni, lakini katikati chipu inang'aa kama kioo. Chipu ikipata moto na kupoa kila siku, nyuso hizo mbili hutanuka na kusinyaa, zikaisukuma pesti nje kidogokidogo. Kuongeza pesti nyepesi ya aina ileile kutakupa nafuu ya miezi michache tu. Tafuta pesti nzito, au karatasi ya kubadili hali kama PTM7950 ya Honeywell, ambayo ni yabisi ikiwa baridi na hulainika kwenye nyuzi 45 hivi. Mimi kwa laptopu naipendelea hiyo.

Kule kuwa nzito ni prosesa kujipunguzia mwendo ili isiungue. Lakini msihukumu kwa namba peke yake: prosesa za AMD za Ryzen 7000 za mezani zimeundwa kufika nyuzi 95 zikibanwa na kazi, na si ugonjwa.

Nibadilishe kila baada ya muda gani?

Vipimo vya joto vikipanda ilhali vumbi hakuna. Kompyuta ya mezani inaweza kumaliza miaka 5 bila shida.

Naweza kutumia dawa ya meno kwa dharura?

Usitumie. Ina maji, yatakauka kwa joto, na utabaki na ganda la chokaa. Subiri upate pesti.

Nilivuta kipoza joto, prosesa ikatoka nacho. Nimeiua?

Pole sana. Hiyo bila shaka ni soketi (kikalio cha prosesa kwenye ubao mama) kama AM4 ya AMD, ambako pini ziko chini ya prosesa na pesti kuukuu hushika kama gundi. Imenipata mimi pia, kwenye kompyuta ya mtu aliyeniamini, na pini tatu zikapinda. Nilizinyoosha chini ya taa kali kwa ukingo wa kadi ya plastiki, mstari kwa mstari, bila kulazimisha, na ikawaka. Kutenganisha, usichokoe kwa bisibisi; dondoshea spiriti kingoni, kisha zungusha kidogokidogo.

Siku nyingine, ipe kompyuta kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya, halafu zungusha kipoza joto kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Usikivute wima.

Pesti ya zamani naisafisha kwa nini?

Spiriti ya aizopropili ya asilimia 90 kwenda juu, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Acha ikauke kabisa.

Metali ya majimaji inafaa?

Inapitisha joto mara kadhaa kuliko pesti, na PlayStation 5 ilitoka nayo kiwandani. Lakini ina galiamu, inayokula alumini, na inapitisha umeme, hivyo tone moja likidondokea ubao mama linaweza kuumaliza. Kwa anayeanza, jibu langu ni hapana.

Kadi yangu ya michoro ina pedi laini juu ya chipu za kumbukumbu. Zikichanika, nipake pesti?

Hapana. Pale kuna mwanya wa nusu milimita hadi milimita mbili au zaidi, na pesti haiwezi kuujaza. Nunua pedi ya unene uleule. Ikiwa nyembamba, haitagusa. Ikiwa nene, itakinyanyua kipoza joto kutoka kwenye chipu kuu, na kadi itapata moto kuliko ulivyoikuta. Pima pedi ya zamani pale ambapo haijabonyea, pembeni.