Jibu: Benzi W123, AC haipoi kwenye foleni – usiongeze gesi Jumamosi

Mkuu, hiyo Jumamosi ahirisha. Umesema W123 yako imetoka kupakwa rangi na kufungwa upya, AC inapoza ukiwa barabara kuu lakini kwenye foleni inatoa hewa vuguvugu, feni ya ndani inapiga kelele, na fundi amekwambia gesi imepungua: Jumamosi atakuongezea makopo mawili ya gesi ya R134a na dawa ya kuziba uvujaji. Hicho anachotaka kufanya ndicho kinachoua kompresa za magari haya.

W123 zote zilitoka kiwandani na R12, gesi ya AC ya zamani, na mafuta yaliyokuwa ndani ya mfumo ni ya madini. R134a haichanganyiki na mafuta hayo. Kompresa inategemea gesi iyabebe mafuta yazunguke na kuyarudisha. Usipoyabadilisha, mafuta yanalala kwenye evaporeta (kifaa cha ndani kinachopoza hewa) na kondensa (kile cha mbele kinachotoa joto) huku kompresa inazunguka kavu. Kama gari lako bado lina kompresa ya Delco R4, ile fupi ya duara, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haina kisima chake cha mafuta. Itapoza vizuri wiki chache, utamsifu fundi, halafu itajikaba. Ikijikaba, unga wa chuma unasukumwa hadi kwenye kondensa na ekspansheni valvu, ile yenye tundu dogo la kupimia gesi inayoingia evaporeta. Hapo hununui kompresa tu. Unanunua kondensa, valvu, draya (chupa inayonyonya unyevu), na pengine mabomba, maana unga ule ukibaki unaua na kompresa mpya.

Dawa ya kuziba sitaki hata kuisikia. Nyingi hukauka zikikutana na unyevu, na mfumo wa zamani uliokaa wazi wakati wa rangi umejaa unyevu. Inaganda palepale kwenye tundu la ekspansheni valvu. Baadaye ukienda kwa fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, akijua umeweka dawa hiyo atakukatalia, kwani inaharibu na mashine yake.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaojaza huku wanachungulia kile kioo juu ya draya, mpaka povu liishe. Hiyo ilikuwa njia ya R12. Kwa R134a kioo kinaweza kubaki na povu hata gesi ikiwa sawa, kwa hiyo anayefuata povu anajaza kupita kiasi, presha inapanda, na AC inazidi kuwa dhaifu. Anakuja mteja analalamika, wanamwongezea tena! Wanalipwa kwa kuharibu.

Kwa hiyo shika hili: gesi haiingii mpaka iliyomo itoke yote, na inayoingia inapimwa kwa mzani. Gesi inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Kompresa ishushwe, mafuta ya zamani yamwagwe, mabomba na evaporeta visafishwe kwa dawa ya kuflashi na kukaushwa kwa nitrojeni. Weka mafuta ya ester, kwa kiasi kinachotakiwa na kompresa yako. Ester huvumilia mabaki ya mafuta ya madini kuliko PAG, aina nyingine ya mafuta ya R134a. Oringi zote mpya za mpira wa HNBR, zile za kijani. Draya mpya, yenye chembe za kunyonya unyevu za aina ya XH-7 au XH-9, na iwe kitu cha mwisho kufunguliwa vizibo vyake. Hozi za zamani zinapitisha R134a taratibu kwenye mpira wenyewe, tafuta zenye utando wa ndani. Pima uvujaji kwa nitrojeni kavu, psi 150, na povu la sabuni. Upepo wa kompresa ya gereji unaingiza maji. Halafu vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu) dakika 45, funga koki, subiri nusu saa. Mshale ukirudi, bado kunavuja. Usiporudi, jaza asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12 ulioandikwa kwenye kibandiko: kikisema kilo 1, weka gramu 800, washa upime, usivuke 850.

Sasa hiyo foleni. AC inayopoza kwenye mwendo na kufa ukisimama, cha kwanza kushukiwa ni hewa inayopita kwenye kondensa. Unganisha geji za presha, injini sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), AC mwisho, milango wazi. Kwenye joto la nyuzi 32, upande wa buluu (presha ndogo) uwe psi 30 hadi 45 na mwekundu (presha kubwa) 200 hadi 250. Mwekundu ukipita 300, mwagia kondensa maji kwa mbele. Presha ikishuka haraka na hewa ya dashibodi ikapoa, umempata mchawi. Angalia kama feni ya umeme ya mbele inawaka na inasukuma hewa upande sahihi, kama waliofunga gari walirudisha shraudi (kava la kuelekeza hewa) ya feni, na sponji za kuziba nafasi kati ya kondensa na rejeta. Bila hizo, hewa ya moto ya injini inarudi mbele. Wapaka rangi pia wana tabia ya kupiga kondensa rangi nyeusi nzito, nayo inafungia joto ndani.

Buluu ikiwa juu na nyekundu chini, kompresa imechoka. Zote zikiwa chini, hapo kweli gesi ni kidogo, tafuta inapovujia. Buluu ikizama kwenye vakyumu, kuna kuziba.

Bana pia hozi ya maji ya hita kwa koleo la hozi dakika kumi. Hewa ikipoa, valvu ya hita inapitisha na wewe unapigana na maji ya moto.

Injini ikiwa imelala usiku kucha, soma geji zote mbili kabla ya kuwasha. Kwa nyuzi 30, R134a safi inasoma kama psi 97. Ikisoma 120 na kuendelea, kuna hewa au gesi nyingine humo, labda R22 ya friza. Niwekee hapa namba tatu, hiyo ya kabla ya kuwasha, na ya buluu na nyekundu injini ikiwaka, pamoja na joto la kivulini, kabla hujampigia fundi.